Kinu Ulichonipa Bila Shahidi

Kugo,

Babu yangu, kinu chetu cha maji kimekufa. Nakuambia mapema usije ukadhani nimekuja kukusalimia tu. Maji bado yapo kwenye mfereji, gurudumu linazunguka ukilifungulia, lakini mawe hayasagi. Mwanao mkubwa alileta wageni kutoka Kericho, akataka waone linavyozunguka. Akafungulia maji bila punje moja ya mahindi. Mawe matupu yakasagana yenyewe. Nilipotoka kufundisha, nilinusa jiwe lililoungua kabla sijafika mlangoni. Meno tuliyoyachonga mimi na wewe yamelika, jiwe limekuwa laini kama sahani.

Nafaka kwanza, maji baadaye. Ulinifundisha hilo nikiwa darasa la nne. Ulinikalisha juu ya gunia, ukanipa patasi ndogo, ukasema, "Gonga kama unayeamsha mtoto, si kama unayefukuza ng'ombe." Nilicheka, ukanikemea, halafu ukacheka wewe.

Baada ya kukuzika, wazee wa ukoo walikaa. Nikasema ulinipa kinu. Baba Mkubwa, huyo huyo mwanao, akaniuliza, "Alikwambia mbele ya nani?"

Kugo, uliniambia mle ndani, mawe yakiunguruma, mdomo wako sikioni mwangu. Si mara moja. Hata Nyanya, aliyekuwa akichekecha unga hapo mlangoni, hakusikia neno. Shangazi akaguna: "Huyu kesho ataolewa huko Sigowet. Atabeba kinu kwa mgongo?" Wakacheka wote. Nami nikakaa hapo na shahada yangu.

Nimejaribu kukutetea. Labda ulisahau, labda ugonjwa ulikuwahi. Lakini ulikumbuka kumpa kila mwanao ng'ombe wake, mkutanoni, kwa jina, watu wakinywa chai. Hukusahau. Uliwaogopa. Ulitaka kunipa bila kugombana na mtu, ugomvi ukaniachia mimi.

Sasa akina mama wanapeleka wimbi kwa kisiagi cha umeme na kulalamika kwamba unga unatoka moto. Juzi Baba Mkubwa akaniita. "Njoo uchonge, mama. Wewe ndiye mwenye mkono." Nilikwenda. Nikapiga patasi mara moja, mkono ukakumbuka kila kitu, nikaiweka chini. Nikamwambia awaite wazee kwanza. Siku watakaposema mbele ya watu kinu ni cha nani, nitachonga.

Akasema, basi kikae.

Na kimekaa. Napita hapo kila asubuhi nikienda shuleni, siangalii.

Nimeshindwa kukulilia vizuri kwa sababu ya hasira hii. Kwa hilo nisamehe. Mengine sijui kama ni mimi wa kuomba msamaha.

Pumzika, Kugo. Nakuahidi kitu kimoja tu: nikiwa na cha kumpa mtu, nitampa mchana, watu wakiwa wameketi, na nitasema kwa sauti hadi aliye nje ya ua asikie.

Mjukuu wako,
Cherono