Sentimita Kumi za Mwanzo

3 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai unaendelea vizuri, mkono unapata nguvu, na ule mpira daktari aliokupa unaufinya, humrushii paka. Mimi mzima, ila vumbi limenijaa puani, na sababu yake ni habari njema.

Mwalimu mkuu amenipa chumba! Ile stoo ya viti vibovu nyuma ya maktaba sasa ni karakana ya timu yetu ya roboti. Nina wanafunzi kumi na wanne, na roboti zao zimekuwa zikiishi kwenye boksi chini ya meza yangu ya ualimu. Juzi mwalimu wa historia aliikanyaga moja akapiga yowe akidhani ni panya.

Sasa nina chumba kitupu na sijui nianzie wapi. Nifundishe kukipanga. Tena tunahitaji meza ya mazoezi, maana mashindano hufanyika juu ya zulia la plastiki lililochorwa njia za roboti, na zulia sharti lilale kwa urefu na mapana yake bila kukunjwa. Nimepima kwa tepu yetu ileile niliyoikata nikiwa na miaka saba: urefu 240, upana 120, kimo 75. Najua hujashika msumeno tangu kiharusi, kwa hiyo sikuombi uitengeneze. Nichoree tu, nitampa fundi wa hapa.

Binti yako akupendaye

14 Februari

Mwanangu Mkata Tepu,

Marahaba. Nipo, mkono upo, na paka ana afya kuliko mimi. Nimefurahi kusikia u mzima. Funika pua unapofagia.

Chumba kwanza usikipange. Fungua madirisha, chukua kigoda, ukae humo saa nzima uangalie mwanga unaingilia wapi. Meza za kazi zikae hapo. Soketi ziwe ukutani juu ya meza, si sakafuni, kwa sababu waya ukikatiza njiani utamwangusha mtoto na roboti yake kwa mpigo mmoja. Pa kuchajia betri pawe mbali na jiliwa, maana mkishabana chuma na kukipiga tupa, unga wake hutapakaa, na umeme na unga wa chuma hawasalimiani. Vifaa vyote vitundikwe ukutani, na nyuma ya kila kimoja uchore umbo lake kwa rangi. Bisibisi ikipotea, ukuta utawasema wenyewe. Na ufagio uwe na msumari wake, la sivyo hautaonekana tena.

Kuhusu huyo fundi wa hapo, nilipofika kwenye sentensi hiyo niliweka barua chini nikanywa maji. Mimi nikiwa hai? Meza nitaitengeneza mimi, jirani atanishikia mbao. Vipimo vyako ninavyo. Nimecheka kusikia tepu ile bado inafanya kazi, nikakukumbuka ulivyokuwa ukipanda juu ya mbao na kunisomea namba kwa sauti kubwa, nami nashika penseli. Wewe soma, mimi natoa kumi.

Nikuambie jambo moja bila kuzunguka. Miezi sita sasa napita mbele ya karakana yangu nikitazama upande mwingine. Naogopa. Meza hii ndiyo mtihani wangu. Ikitoka sawa, nitafungua ule mlango kila asubuhi. Nikikosea, nafunga, ufunguo nampa jirani, na habari hiyo tusiizungumze tena.

Ni mimi baba yako

21 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mkono unaendeleaje? Sisi huku wazima kabisa.

Meza imefika jana kwa lori, miguu imefungwa pembeni na boliti zake kwenye mfuko, kama kawaida yako. Watoto wameupapasa uso wake wakaniuliza ni mashine gani iliyoulainisha hivi. Nikawaambia ni baba yangu. Imekaa vizuri sana. Karakana nayo imependeza, ufagio una msumari wake. Nakutumia picha ujionee.

Asante sana, Baba. Ufungue ule mlango kila asubuhi.

Binti yako akupendaye

30 Machi

Mwanangu,

Sijambo.

Picha nimeiona. Chini ya miguu ya meza mmeweka matofali. Zulia limekunjwa kwenye kingo mbili. Wewe uliniandikia imekaa vizuri.

Nimefunga. Ufunguo nimempa jirani.

Baba

2 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu, mbili hukunijibu. Jirani ameniambia kwa simu kwamba unakula na unatembea, na kwamba ukiulizwa habari zangu unasema mvua itanyesha. Basi hii isome mpaka mwisho, hata kama utanuna.

Nilikudanganya. Meza ilikuja fupi, nikaogopa kukwambia, nikaokota matofali. Roboti zetu hujua zilipofika kwa kuhesabu mizunguko ya magurudumu, kwa hiyo zulia likikunjwa zinasimama pasipofaa na kugeukia ukuta. Watoto walianza kuzilaumu roboti. Mimi nikanyamaza, na aibu ikawa inanila.

Juzi msichana mdogo kuliko wote kwenye timu, yule mbishi asiyekubali jibu mpaka alihakiki, akaipima meza kwa rula ya darasani. Akaja na karatasi: 230, 110, 65. Akaniambia, "Mwalimu, kila mahali imepungua kumi kamili. Mtu akikosea huwa hakosei sawasawa hivi."

Baba, nilikaa juu ya ndoo nikacheka mpaka nikalia mbele ya wanafunzi.

Nimeishi na tepu ile inayoanzia kumi peke yangu miaka kumi na moja, sina wa kunitolea. Nikisoma 250, naandika 240 hata bila kufikiri. Nilikuandikia vipimo vilivyokwisha kutolewa kumi, nawe ukatoa kumi nyingine, kama tulivyofanya siku zote. Kumi ya tepu yetu imetolewa mara mbili! Mkono wako haukukosea hata milimita. Mtihani umefaulu, aliyefeli ni mwalimu.

Nisamehe kwa uongo zaidi kuliko kwa hesabu. Nilikuonea huruma wakati ulihitaji ukweli. Tafadhali kachukue ufunguo.

Binti yako

11 Mei

Mwanangu Mkata Tepu,

Marahaba. Mimi mzima. Mvua haikunyesha.

Barua yako nimeisoma mara tatu, kisha nikatoka na karatasi na penseli nikapiga hesabu upya ukutani kwa jirani, mpaka mkewe akaja kuuliza kama mzee yuko sawa. Yuko sawa. Ufunguo nimeuchukua. Jirani alikuwa ameshaanza kuingiza kuku, nimewahamisha kwa maneno makali.

Umekosea kunidanganya na iliniuma sana. Sasa imeisha. Mwambie yule msichana mbishi namsalimu, na penseli nyekundu iliyomo humu ni yake.

Nimekwisha kuranda vipande viwili vya kingo na vinne vya miguu, vyote sentimita kumi. Randa nashika kwa mkono wa kushoto, wa kulia unaegemea tu. Kazi inakwenda polepole, lakini inakwenda. Navileta mwenyewe Jumamosi ijayo, na ninakuja na gundi yangu, yenu siiamini.

Kwenye bahasha utakuta pia kile kipande ulichokikata kwenye tepu. Siku ile ulipomfanyia mwanasesere wako mkanda, nilifoka nikakunyang'anya, ukaamini nimekitupa. Kimekaa kwenye droo ya misumari mpaka leo. Ningeweza kununua tepu nzima siku ileile, mwanangu. Lakini nilianza kukuita unisomee ili kukuadhibu, na baada ya wiki moja nikaona siwezi kufanya kazi bila kusikia sauti yako mle ndani.

Jumamosi uitoe ile tepu ya zamani na usipime kitu mpaka nifike.

Wewe utasoma, mimi nitatoa.

Baba yako