Mama Mkwe kwenye Sahani

Mpendwa Mama Tito,

Mama yako amefika kwangu maabarani, hapa Kitale. Usishtuke, amefika ndani ya kichupa. Ni usaha wa kile kidonda cha mguu, umeletwa kutoka Bungoma kwa sababu dawa zote alizopewa zimeshindwa na daktari ameanza kuzungumzia kuukata mguu.

Unakumbuka alipotutembelea mara ya kwanza, nikaruka dirisha nikajificha kwenye mahindi? Ni kweli mkwe wa Kibukusu hamsalimii mama mkwe kwa mkono, lakini ulicheka mpaka ukakaa chini. "Baba Tito, si ungepitia tu mlango wa nyuma?" Nilikuwa nimesahau kama tuna mlango wa nyuma.

Hukucheka siku ile wodini uliponiambia, "Mama nakuachia wewe." Nikakuuliza nitamtunzaje mtu nisiyeweza hata kumshika mkono. Ulifumba macho, na hukuyafumbua tena.

Basi bakteria wake walipoota, jana nikawapaka kwenye sahani nyingine, nikapanga juu yao vikaratasi sita, kila kimoja na dawa yake. Dawa inayowaua huacha duara tupu kuzunguka karatasi. Isiyowaua, wanaota mpaka wanaigusa. Kaka yako hakuacha kupiga simu.

"Shemeji, si uchungulie kidogo tu?"

"Hawa hawaharakishwi, bana. Ni mpaka kesho."

Leo asubuhi nikafungua. Karatasi ya kwanza, wameigusa. Ya pili, vivyo hivyo. Mpaka ya tano, hakuna duara. Nikaizungusha sahani polepole nione ya mwisho.

Duara. Pana, safi. Nikapima kwa rula, nikapima tena, kisha nikamwita mwenzangu apime yeye, maana macho ya mkwe siku kama hiyo si ya kuaminiwa.

Daktari nimempa jina la dawa, na sindano ya kwanza ameshadungwa. Mguu bado tunauombea. Kaka yako alipopiga tena, nikasikia sauti ya mama nyuma yake: "Muulize, ati ameona mpaka usaha wangu?"

"Mwambie nimeuona."

Nikatafuta dirisha kwa macho.

"Basi anaogopa nini tena? Aje anisalimie."

Jumamosi nitaenda, Mama Tito. Nitapitia mlangoni. Na mkono nitauosha vizuri kabla ya kumpa.

Wako, mkwe wa mama yako,
Baba Tito