Mishono Saba

3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila harufu ya kiwanda cha ngozi hainitoki hata nikioga mara tatu. Kwenye basi napata kiti changu na cha jirani. Kifua chako kimepoa?

Jana nilitoa ngozi kwenye chokaa, nikaikwangua manyoya, nikaona kovu ubavuni: mishono saba iliyopinda. Mama, ni mishono yangu, niliyomshona ng'ombe wetu Shangazi kwa uzi wa gunia alipochanwa na seng'enge. Ulisema hachinjwi mpaka siku ya kukuzika. Yuko wapi? Naogopa.

Mwanao

20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, na mdogo wako anayeniandikia barua hii anakusalimu. Shangazi yupo zizini, anakula kuliko sisi sote. Makovu hufanana. Fanya kazi, acha kuota mchana.

Mama yako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Ile ngozi nimeipaka chumvi, iko chini ya kitanda changu. Kila nikiingia chumbani najikuta naiamkia.

Barua zako za zamani zina alama ya dole gumba lako chini. Tatu hizi za karibuni hazina. Nipigie dole, mama. Moja tu.

Mwanao

11 Mei

Kaka,

Shikamoo. Nisamehe. Mama alitutoka Januari. Alinikataza kukwambia mpaka mkataba wako uishe, usije ukaacha kazi. Shangazi tulimchinja siku ya maziko kama alivyotaka, ngozi nikampa mchuuzi wa kupita. Ningejua inakokwenda, ningeifukia. Barua zote tatu zisizo na dole nilizitunga mimi mwenyewe. Nililia kila nilipoandika "mimi mzima".

Mdogo wako

25 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Nilikasirika mpaka nikavunja kikombe. Kisha nikazisoma tena zile tatu. Ni yeye kabisa. Nani mwingine angeniambia niache kuota mchana? Niandikie moja tena kama yeye. Nitajua ni uongo, na nitashukuru.

Kaka yako

19 Juni

Kaka,

Shikamoo. Nimekaa na kalamu siku tatu nzima. Nilipokuwa nakudanganya nilimsikia kabisa nyuma ya kiti, akinisahihisha, akiucheka mwandiko wangu. Tangu nikwambie ukweli haji tena. Nimeandika "Mwanangu", nikaishia hapo.

Nyumba imenyamaza mno. Njoo, kaka.

Mdogo wako