Nyasi za Ngoro Ndani ya Pipa

Beata, umewahi kusikia mtu akipika shamba la mama yake kwenye pipa?

Pankras! Mwanangu wa kumzaa! Nyasi nilizolaza miraba miraba kule mlimani Mbuji, nizifukie udongo ziwe ngoro, vishimo vya kushika maji na udongo, nipande maharage, amezizoa zote. Kazipika kwenye pipa lililozibwa lisiingie hewa, moshi ukapoa ukawa mafuta meusi.

Kaniletea chupa, anacheka. "Mama, taka zako zimekuwa mafuta!"

Taka, Beata! Taka!

Nikamuuliza, mvua ikiteremsha udongo wote nitapanda wapi?

Mkewe Ottilia, asiyempinga hata siku moja, akaweka ungo chini. "Siku nyingi natamani kukwambia, pipa hilo silitaki hapa. Chukua mundu, ukamkatie mama nyasi."