Shuka Lililoezekwa Mkokotenini

Antonia mwanangu,

Uji umo chupani. Shuka lako liko uani, usiliondoe.

Mwalimu kawafundisha watoto jinsi Wazungu wa Amerika walivyohama zamani kwa magari ya ng'ombe yenye paa la turubai, wakibeba vile tu ambavyo vikikosekana maisha hayaendi. Asubuhi hii wameezeka mkokoteni kwa shuka lako, eti wanahamia Nzuguni. Redio yako ya kaseti wameiacha chini. Ndani mna kigoda changu tu.

"Na unga?" nikauliza.

Raphael akasema, "Bibi akiwepo tutakula."

Nilisimama pale, uji nusura uungue.

Nimekwenda foleni ya maji. Lile ulilosema jana, kwamba mkihama mimi nibaki Ihumwa, ~~bado nalifikiria~~ lifute. Kigoda kimeshapakiwa.

Bibi yao