Ukurasa Ulionikataza Kukusemea

Dada yangu Mwanaidi,

Wewe ndiye uliyeniambia kwamba jambo lisiloandikwa hubishaniwa upya kila asubuhi. Basi leo naandika. Niko Mount Druitt, mezani kwako jikoni, na nina fahari ambayo nimeibeba tangu ututoke bila kujua niipeleke wapi. Naileta kwako.

Uliingia Sydney ukiwa muuguzi. Miaka mingi katika hospitali ya Westmead uliwageuza wagonjwa vitandani kwa mikono ile ile iliyokuwa ikinisuka nywele Tanga. Kisha ugonjwa wa uti wa mgongo ukakunyang'anya miguu, ukailegeza na mikono. Sauti ikabaki nzima.

Shirika la huduma likawa linakuletea wahudumu wa nyumbani, leo huyu, kesho yule. Walikuogesha saa tano mchana, wakakulaza saa kumi na moja jioni na jua la kiangazi bado limejaa dirishani. Siku moja wakamleta mwanamume akuogeshe. Ulimwambia kwa upole kwamba leo huogi. Na kesho yake ukasema hivyo hivyo, na siku ya tatu. Niliporudi kutoka kazini nilikukuta umejifunika kanga mpaka shingoni.

"Nimewaogesha watu maisha yangu yote," ukaniambia, "na sikumbuki kama niliwahi kuwauliza."

Ndipo tukasikia habari za mpango wa majaribio. Watu wachache wenye ulemavu wangesimamia huduma zao wenyewe: wachague mhudumu, wapange saa, na akiwa hafai wamwachishe kazi. Lakini ofisi inayousimamia ilisema mpango hautaanza mpaka upatikane mwongozo wa kazi uliokubaliwa. Usipopatikana, kila mtu atabaki na shirika lake. Wakatuma rasimu yao. Ulisoma sentensi ya kwanza kwa sauti: mteja ataogeshwa, atavalishwa, atalishwa.

"Huyu ni mtu au ni gari limepelekwa gereji?" ukauliza. Ukawapigia simu, ukawaambia utaandika wewe.

Nami nikawa vidole vyako. Kila Jumamosi asubuhi nilikaa mbele ya ile kompyuta ya mitumba, wewe ukitamka, mimi nikipiga chapa. Tuliandika kwa Kiingereza na kugombana kwa Kiswahili. Ulitaka sentensi fupi, mtu aweze kuisoma akiwa amesimama na taulo mkononi. Palipokuwa na "atalishwa," ukaniambia andika: Muulize anataka kula nini. Subiri jibu.

"Hilo la kusubiri si linajulikana, dada?"

"Lingekuwa linajulikana, nisingekuwa nakula uji baridi."

Na ulivyonijaribu! Kila hatua tuliyoandika ulinitaka niifuate kama mgeni, nisiongeze kitu nilichokijua mwenyewe. Tulipofika kwenye mashine ya kukunyanyua, nikakutoa kitandani, nikakushusha polepole kitini kama karatasi ilivyosema, na kiti kikateleza kikarudi nyuma. Nilikudaka kwa magoti yangu. Wewe ulikuwa unaning'inia nusu hewani, unacheka mpaka machozi. "Hatukuandika funga breki!" ukasema. "Andika sasa hivi, kabla hujanishusha." Nilikushusha kwanza. Hilo ndilo agizo lako pekee nililolikataa.

Kuna ukurasa mmoja ulioniuma. Ulitamka: Ndugu asijibu kwa niaba yake. Vidole vikanisimama.

"Hii unaniandikia mimi?"

"Ndiyo, mdogo wangu. Jana umemwambia daktari silali vizuri. Mimi nalala vizuri. Wewe ndiye hulali."

Nilikuwa nimeacha zamu nyingi kwa ajili yako, na nilidhani kukusemea ni sehemu ya mapenzi. Ulinitazama tu, hukuniharakisha. Nikaipiga chapa ile sentensi, neno kwa neno, kisha nikaenda kuosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi.

Siku ya kikao cha kuupitisha mwongozo wetu tulipanda treni kwenda mjini, umevaa buibui lako jipya, nao uko mapajani kwako. Bwana aliyekuwa akiongoza kikao alifungua pale ulipoandika kwamba mtu ndiye anayeamua nani amwogeshe, mwanamke au mwanamume. Akasema kifungu hiki kitaleta usumbufu wa kupanga watu. Kisha akanigeukia mimi.

"Dada yako angekubali kukiondoa?"

Jibu lilikuwa limeshanifika ulimini. Nikalimeza. Nikakutazama wewe, na polepole kila mtu mezani akakutazama wewe.

"Bwana," ukasema, "ukiumwa kesho, nani akuogeshe?"

Akasema, mke wake.

"Na asipokuwepo?"

Akaushusha mwongozo mezani. "Ningependa niulizwe," akasema.

"Basi hicho ndicho kifungu chenyewe. Kimeandikwa kwa ajili yako pia."

Walibadilisha maneno mawili matatu kwingineko, wakaupitisha mwongozo. Kwenye treni ya kurudi, tulipopita Blacktown, ukaniambia, "Leo umenyamaza vizuri sana." Sijapata sifa kubwa kuliko hiyo.

Wiki chache baadaye ulimsaili Wairimu, yule binti wa Kikenya aliyekuwa akisomea uuguzi, ukamuuliza maswali mpaka akatoka jasho. Akakuhudumia hadi mwisho. Ulioga asubuhi na mapema kama ulivyopenda, na ulilala ulipotaka wewe.

Sasa mimi ndiye ninayepita majumbani kuwaelekeza wanaoingia kwenye mpango. Nakukosa, dada, hasa Jumamosi. Lakini juzi nilikwenda Minto kwa mama mmoja wa Kirundi, ndio kwanza amepelekewa mwongozo. Nikabisha hodi, nikashika kitasa. Sauti ikatoka ndani, kali, kwa Kiswahili cha kwao:

"Maman, ngoja huko inje! Sijamaliza kuvaa. Kitabu inasema ni mimi nitasema saa ya kuingia!"

Hajui ni nani aliyekiandika kitabu hicho. Nikaachia kitasa, nikasimama kwenye upepo na mkoba wangu, nikangoja kadiri alivyotaka yeye. Alichelewa, dada. Alichelewa kwa raha zake, na mimi nikawa nacheka peke yangu pale nje.

Mungu akulaze pema. Hapa duniani kazi yako inaendelea.

Ni mimi mdogo wako,
niliyekuwa vidole vyako.