Mashini ya Katikati

Kindu-Mikelenge, tarehe 14 Juni 2024

Kwako dada na yaya yangu Déborah, huko Tunda,

Pokea salamu zangu mimi mudogo wako Émilienne, za bwana yangu Louis, na za watoto wanaouliza kila siku yaya mukubwa atakuja lini. Mugongo je? Ile dawa niliyokutumia imekusaidia, ama uliwagawia majirani kama kawaida yako? Sisi huku tunapumua. Mihogo imekubali, vumbi limeanza, homa imemutoka mutoto wa mwisho na sasa anakula mpaka tunamuficha chungu.

Najua unashangaa: barua, wakati simu iko mukononi? Kwa simu ungenikatia katikati ya maneno, yaya, nakujua. Djo mwenye pikipiki anashuka Tunda kesho, na nimemuapisha akupe karatasi hii wewe mwenyewe, kabla ya siku ya mahari ya Nuru wako. Usome mpaka mwisho, hata ukikasirika.

Habari ya hiyo siku imenifikia. Claudine, muke wa mujomba, alinieleza ulivyosema mbele ya wazee: kwamba Désiré asikanyage uwanja wako, kwamba baba aliyemutupa mutoto wake wa mwaka mumoja katikati ya vita hana kiti kwenye mahari yake, na mujomba Onema njo atakaa mahali pake. Alisema Nuru alilia.

Basi nikueleze kwanza wiki yangu, maana imenitoa roho. Unajua natunza kompyuta za hospitali. Ndani ya mashini moja kubwa tulitengeneza mashini tatu zisizo na mwili. Huwezi kuzigusa, zinaishi ndani ya ile kubwa kama wapangaji wa nyumba moja. Moja ya labo, moja ya daktari, na moja ya katikati, ambayo kazi yake ni kupokea kwa huyu na kupitisha kwa yule. Kazi hiyo tu! Jumatatu umeme ulikatika, ukarudi, na tangu hapo majibu ya damu hayakufika tena kwa daktari. Ange wa labo anatuma, daktari haoni kitu. Wauguzi wakaanza kukimbia uwanjani na vikaratasi, na vingine upepo ukavichukua.

Siku tatu, yaya! Labo ikiita ile ya katikati, inajibiwa. Ya daktari ikiita ile ya katikati, inajibiwa. Labo ikiita ya daktari: kimya. Nikachungulia mulango wa kuingilia wa ile ya katikati, nikaona kwa macho yangu majibu ya Ange yanaingia, moja baada ya lingine. Nikachungulia mulango wa kutokea: hakuna hata moja. Yanaingia, hayatoki! Nikafuta njia zote, nikaziandika upya. Nikabadilisha namba. Nikazima, nikawasha, nikazima tena. Nikasema ni Jacques, anayetunza jenereta, aliyerudisha umeme vibaya. Nikamugombeza Ange mbele ya wagonjwa kwamba hajui kutuma, mpaka akavua koti lake jeupe, akaenda kukaa inje. Nikawalaani hata waliotuuzia ile mashini. Kila muntu alikuwa na kosa isipokuwa mimi. Kweli nyani haoni kundule.

Katika hasira hiyo njo Désiré alinikuta, Jumatano saa nne. Ndiyo, Désiré yule yule. Alitoka Pangi na pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope, nywele zote nyeupe. Nilitaka kumufukuza, nikamuambia nina kazi. Akasema atangoja, na kweli akangoja kwenye benchi ya wagonjwa mpaka saa tisa. Halafu akaniomba nikuombee. Alisema haombi kurudi kwako, ana muke na watoto Pangi. Anaomba kusimama siku moja tu nyuma ya mutoto wake. Akasema hajakulaumu hata siku moja, kwa sababu alikuita wakati wa vita, na wewe ukakataa, na mwanamuke halazimishwi. Akaongeza neno lingine, nitakuandikia chini. Nikamupa maji, nikamusindikiza mpaka barabarani, nikarudi kupigana na mashini yangu.

Kesho yake Idrissa, mufundi mwenzangu, alirudi kutoka likizo. Aliniuliza neno moja tu: kama ile mashini ya katikati imepewa ruhusa ya kupitisha. Nilimukaripia, yaya! Nikamuambia ruhusa hiyo niliitoa mimi mwenyewe mwaka jana, asinifundishe kazi. Akasema kwa heshima, basi tutazame. Tukatazama. Palikuwa na sifuri, maana yake hakuna ruhusa.

Sifuri! Mashini ya namna hiyo inazaliwa na sifuri: inapokea ya kwake, na ya wengine inayatupa kimya kimya, bila kumuambia aliyetuma. Mwaka jana nilibadilisha sifuri kuwa moja, kazi ikatembea, nikafurahi nikaenda kula. Sikuiandika pale mashini inaposoma ikiamka. Umeme ulipokatika ikasahau kila kitu. Kwa hiyo kosa lilikuwa langu tangu mwanzo. Nikaandika moja, safari hii mahali pake, na majibu yakaanza kufika kwa daktari. Nikaenda kumuomba Ange musamaha mbele ya wagonjwa wale wale, halafu Jacques. Idrissa akacheka, akasema Émilienne akiomba musamaha, mvua itanyesha kiangazi.

Mimi sikucheka. Muntu ninayepaswa kumuomba kuliko wote iko Tunda, na muficha maradhi kilio humufichua.

Yaya, unakumbuka mwaka wa 2002. Muji umezungukwa, anayekwenda shambani harudi, tunachemsha mizizi ya mipapai, Mama amevimba miguu. Mimi nilikuwa nakaa kwenye foni ya misioni, ile redio ya kusemea na Pangi na Kibombo. Desturi yetu unaijua: muntu anasema, mukaa-foni anaandika, anamurudilia aliyetuma maneno yote, halafu anapeleka karatasi mulango kwa mulango. Kurudilia njo ilikuwa sheria ya kwanza, ili neno lisipotee njiani.

Siku moja Pangi iliita, na ilikuwa sauti ya Désiré mwenyewe. Akasema ni kwa Déborah, achukue mutoto, Alhamisi atakuwa Alunguli, amepata njia. Akapumzika kidogo. Na mimi nikakuona unavuka muto kwenda Alunguli na Nuru mugongoni, nami nabaki na Mama anayekufa. Wewe njo ulijua kututafutia chakula. Mimi sikujua kitu. Sikurudilia. Nilisema nimepokea vizuri, nikazima. Karatasi niliitia motoni, chini ya chungu. Nilijiambia nitakuambia Ijumaa. Ijumaa ulilia juu ya bega langu kwamba Désiré amekusahau, na mimi nikakufuta machozi. Mimi! Miezi mitatu baadaye Mama akatuacha, na kila mwaka uliopita kinywa changu kilizidi kuwa kizito. Désiré hakukutupa. Ni mimi niliyekutenda hivyo, mimi mudogo wako uliyenilea.

Sasa lile neno aliloongeza. Aliniuliza polepole, bila ubaya, kwa nini hata mimi na Mama tulikataa. Nikamuuliza, kukataa nini? Njo akanisomea ujumbe wote kwa moyo. Aliposikia nimesema nimepokea, aliendelea kusema. Alifikiri bado namusikia, na mimi nilikuwa nimekwisha kuzima. Miaka ishirini na mbili imepita. Ninakupitishia leo, neno kwa neno:

«Kwa Déborah. Chukua mutoto, Alhamisi nitakuwa Alunguli, nimepata njia. Mama musimuache, ninakuja na watu wawili na tipoyi ya kumubeba. Na Émilienne asibaki peke yake, yule ana woga. Ninawangoja wote wane.»

Alingoja siku mbili ng'ambo ya muto, yaya, na tipoyi tupu.

Sikuombi unisamehe leo. Ukitaka nisikanyage kwako siku ya mahari, sitakanyaga, na nitasema ni haki. Lakini kiti ulichoniwekea mimi, tafazali, mupe baba ya Nuru.

Nisalimie mujomba Onema na Claudine, na umukumbatie Nuru kwa ajili yangu. Mungu akupe nguvu ya mugongo na ya moyo.

Ni mimi mudogo wako,
Émilienne